Kava la cheni liliuzwa kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita kuhusu pikipiki kuukuu za Kijapani. Aliwashauri vijana wazunguke vijijini wazitafute, wazinunue kwa bei ya kutupa, kisha wazifanyie kazi wenyewe nyumbani: fremu ikatwe nyuma, siti iwe bapa, madigadi yatolewe, ekzosi izungushiwe bandeji kama mguu ulioungua. Kuhusu kuzitafuta na kuzifanyia kazi nyumbani, niko naye. Nilipofika kwenye kukata, chai ilinipoa mkononi.

Mimi ni bwana shamba mstaafu, umri miaka 68, mkazi wa Soni, wilaya ya Lushoto. Pikipiki yangu ni Honda CG125 ya mwaka 1982. Niliinunua mwaka 1991 kutoka parokia moja ya huku milimani, mapadre walipopata gari, na tangu hapo nimepanda nayo Bumbuli, Mlalo na Mtae, masika na kiangazi, nikihimiza watu wachimbe matuta na wapande majani ya Guatemala kwenye kingo zake ili udongo usiteremke wote kwenda Mombo. Kwenye keria nimebeba miche, mbolea, kuku wasio na idadi, na mara mbili mbuzi. Na kwenye siti, miaka yote hiyo, mama watoto wangu, amekaa upande, kitenge amekibana chini ya goti, mkono mmoja kwangu na mwingine kwenye kikapu.

Mwaka 2021 nilikwenda Dar es Salaam kutibiwa jicho. Nilidhani ni wiki mbili, ikawa miezi minne. Pikipiki nilimwachia mpwa wangu, fundi wa kuchomelea mageti, kijana mwenye mikono mizuri. Nilimwambia awe anaipiga kiki kila wiki. Siku niliyorudi nikashuka basi pale Soni, jicho moja bado limefungwa, akaja kunipokea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Pikipiki umeiacha wapi?"

"Si hii hapa, mjomba."

Nikadhani jicho ndilo linanidanganya. Nyuma ya shokapu hapakuwa na fremu tena. Palikuwa na kipande cha bomba kilichopindwa kama mpini wa sufuria, na juu yake kigodoro chembamba kilichoshonewa ngozi ya kochi. Keria hakuna. Madigadi ya nyuma hakuna, ya mbele imebaki kiganja. Boksi la hewa chini ya siti limeondolewa, na mdomoni mwa kabureta kimevishwa kichujio kidogo cha wazi chenye umbo la koni. Na cheni, Mhariri, cheni iko uchi.

"Kava la cheni liko wapi?"

"Lile debe, mjomba? Nilimpa yule wa chuma chakavu, pamoja na madigadi na lile boksi."

"Alikupa shilingi ngapi?"

"Si alipima kwa kilo."

Pesa yote haikufika elfu tano. Mama watoto wangu, aliyekuwa amekuja naye kunipokea, amepakiwa hivyo hivyo juu ya kigodoro, hakusema neno mpaka nilipomaliza kuizunguka. Kisha akasema, "Mimi leo narudi kwa miguu." Na akaenda kweli.

Msomaji aliyeandika wiki iliyopita atasema ni suala la kupenda na kutopenda, mzee anapenda ya kizee. Basi niseme kava lile lilikuwa na kazi gani. CG125 ilitoka kiwandani na kava zima la bati, vipande viwili, cha juu na cha chini, vinavyoificha cheni yote kutoka sproketi ya mbele hadi ya nyuma. Kuna tundu dogo lenye kizibo cha mpira: unakitoa, unaingiza kidole, unapima cheni imelegea kiasi gani, unarudisha kizibo. Tope haliingii, vumbi haliingii, mafuta hayaruki kwenye kitenge cha mtu. Cheni yangu ya mwisho iliyokaa ndani ya kava ilidumu miaka sita. Baada ya kava kuuzwa nimeshabadilisha tatu, na sproketi zake.

Nami si mtu wa kudharau vya vijana bila kuuliza. Nilimuuliza mpwa wangu mtindo huu umetoka wapi, akanionyesha picha kwenye simu, nikafuatilia mwenyewe. Ulianza Uingereza, miaka ya 1950 na 1960, kwa vijana waliokuwa wakikutana kwenye mikahawa ya kandokando ya barabara kuu, mmojawapo Ace Cafe ya London. Walipunguza vitu kwenye pikipiki zao ili iwe nyepesi na ikimbie zaidi. Sawasawa. Hao walikuwa wanakimbia kwenye lami, kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine. Mimi natoka Soni kwenda Bumbuli mwezi wa nne. Ukitoa madigadi ya nyuma kwenye barabara ile, hufiki na pikipiki. Unafika na kinyago cha udongo, nawe ndiye kinyago.

Ile fremu iliyokatwa ndiyo iliyonitisha zaidi. Mpwa wangu alikata vidole vinne tu nyuma ya mahali shokapu inapofungwa, akaunga kile kipande kilichopindwa. Bomba alilotumia lilikuwa la maji, lile la kung'aa. Bomba la maji limepakwa zinki, na zinki ikikutana na moto wa kuchomelea hutoa moshi mweupe ambao ni sumu, na maungio hujaa vitundu kama mkate. Ukipitisha kucha juu yake unaviona. Nilimwita nikamwonyesha. Nitamsifia hapo: hakubisha. Ni mchomeleaji, alijua. Alikuwa na haraka ya picha. Tuliirudisha pamoja. Tulipata bomba jeusi la unene uleule, tukalichonga, ndani ya kila maungio tukaingiza bomba dogo zaidi linalobana, urefu wa kidole hivi kila upande, tukatoboa matundu mawili pembeni ili moto ushike na lile la ndani, ndipo tukachomelea kuzunguka. Siti ya zamani ilikuwa bado darini kwake. Hiyo haikupimwa kwa kilo kwa sababu ni sponji.

Kile kichujio cha koni nacho kilikuwa kimeshafanya kazi yake. Kiangazi chote mpwa wangu alikuwa akiendesha kwenye vumbi jekundu, na boksi la hewa ambalo Honda waliliweka juu, chini ya siti, lilikuwa limeshayeyushwa sijui wapi. Injini ikaanza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili. Tulipofungua silinda, kuta zake zilikuwa na michirizi unayoihisi kwa ncha ya kidole. Ilibidi tupanue kutoka milimita 56.5 hadi 57 na kuweka pistoni ya saizi hiyo. Na hapa ndipo ninapotaka kumsahihisha msomaji mwenzangu kwa nguvu zaidi, maana aliandika kwamba pikipiki hizi hazina spea tena, kwa hiyo afadhali uigeuze pambo.

Hazina spea? Spea za CG125 zimejaa kila duka la bodaboda kutoka hapa hadi Kigoma.

Honda waliitoa pikipiki hii mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako mtu anapakia kupita kiasi, anaendesha kwenye vumbi, na oili anabadilisha anapokumbuka. Kwa hiyo hawakuweka cheni ya taimingi. Kemshafti, yaani shafti inayofungua valvu, iko chini, inazungushwa na gia, na valvu zinasukumwa kwa fimbo mbili ndefu, mtindo wa kizamani hata kwa wakati ule. Cheni inayolegea haipo, kwa hiyo cha kulegea hakipo. Wachina wakaipenda injini hiyo, wakaitengeneza na wao, wakaiongeza ukubwa, wakaifunga kwenye fremu za kila jina. Nyingi kati ya pikipiki za Kichina zinazobeba abiria kwenye stendi zetu ni wajukuu wa hii yangu. Ukienda dukani huna haja ya kusema una Honda ya mwaka 1982, muuzaji atakucheka. Sema, "Nipe pistoni ya CG 125, ya hamsini," yaani iliyozidi kwa nusu milimita, atakugeukia na kuishusha. Ringi, gasketi, sahani za klachi, valvu, plagi ya D8EA, kabureta ya PZ26, vyote nimefunga na vinafanya kazi.

Tahadhari ni mbili. Ya kwanza, Boxer, ile pikipiki ya Kihindi, ni ukoo mwingine kabisa, kemshafti yake iko juu na ina cheni; usidanganywe na muuzaji anayesema "inaingiliana tu". Ya pili, nenda dukani na kipande chako cha zamani mfukoni na ukipime palepale mbele ya kaunta. Nimewahi kuuziwa gasketi ya silinda ambayo tundu la kupitishia fimbo za valvu lilikuwa limepungua kwa milimita mbili. Ungeifunga usiku kwa mwanga wa simu usingeona, na kesho yake fimbo inasugua.

Wapo watakaokushawishi ufunge silinda ya 150. Hesabu yenyewe inavutia: mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 49.5, kipenyo kinatoka 56.5 kwenda 62, umeongeza ujazo bila kugusa krenki. Jirani yangu alifanya hivyo kwenye CG yake. Silinda ile haikuingia mpaka mdomo wa mwili wa injini upelekwe kwa fundi wa kukereza ukapanuliwe, na ukuta uliobaki pale ulikuwa mwembamba kama kopo la maziwa. Inakimbia, sikatai. Lakini mwili wa injini ndio wenye namba iliyoandikwa kwenye kadi. Ukipasuka huo, unakwenda kueleza habari za kadi kwa watu wasiotaka maelezo.

Sasa mimi nimebadilisha nini, maana na mimi si mtu wa kuacha kitu kama kilivyokuja.

Kwanza taa. Hii ya kwangu ilikuja na umeme wa volti 6. Anayeijua taa ya volti 6 anajua ninachosema: ukiwa kwenye gia ya kwanza kwenye kona za kushuka Mombo, injini inanguruma chini chini, taa inakuwa rangi ya chungwa lililoiva, na ukungu wa Soni unaimeza kabla haijagusa barabara. Balbu ya wati 25 kwa volti 6 inavuta zaidi ya ampea 4, na ampea zote hizo zinapita kwenye waya za miaka 40 na swichi yenye kutu. Umeme mwingi unaishia njiani kuwa joto. Kwa volti 12, balbu ya wati zilezile inavuta nusu ya hizo, na kinachopotea kwenye waya kinashuka hadi robo. Kwa hiyo hata usipoongeza wati moja, taa inaongezeka.

Wengi hutupa mfumo wote wakafunga wa bodaboda. Sisi tulifanya hivi. Tulitoa sumaku, tukafungua koili ya taa na chaji, na mpwa wangu akahesabu mizunguko mmoja mmoja wakati wa kuifungua, akichora mistari ukutani kwa chaki, mitano mitano kama karani wa kupimia chai. Waya wa zamani ulikuwa na unene wa karibu milimita 0.9. Tukaenda Korogwe kwa mzee mmoja anayesuka mota za pampu, akatupa wa 0.63, wenye nusu ya nyama ya ule wa kwanza, akausuka mara mbili ya mizunguko tuliyohesabu, akaupaka vanishi, akaukausha jikoni kwake karibu na mkaa. Mizunguko mara mbili, volti mara mbili. Koili ya moto wa plagi hatukuigusa. Tukafunga rektifaya ya bodaboda ya waya nne, ile inayougeuza umeme ufae kuchaji betri, betri ndogo ya volti 12, fleshari, honi na balbu mpya zote. Na kitu kilichonifurahisha kuliko vyote: rangi za waya. Kwa Honda waya wa kijani ni ardhi, na Wachina waliponakili injini walinakili na rangi. Rektifaya ya dukani ina waya wa kijani, na wenyewe ulikwenda kwenye wa kijani wa mwaka 1982 kama ndugu waliopotezana.

Mpwa wangu alitaka tuweke balbu ya LED inayouzwa barabarani. Tulijaribu usiku mmoja. Kioo cha taa ya zamani kimechongwa kwa balbu ya waya unaowaka mahali pamoja maalumu nyuma yake; LED ile inawaka pembeni, mwanga unarushwa juu na kila upande. Kwenye ukungu ule wa juu unakurudia usoni, na anayekuja mbele yako unampofusha. Tukarudisha ya kawaida, wati 25, volti 12. Inanitosha kuona shimo kabla ya kuingia humo, na dereva wa lori la kabichi hanitukani.

Platini, vile vibati vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe moto, sikuzitoa. Najua vijana wanasema weka CDI, ya kielektroniki, usahau. CDI ni nzuri, mpaka siku inayokufa, na ikifa haikuagi. Platini zikichoka pikipiki inaanza kukohoa wiki nzima kabla, na dawa yake ni kipande cha msasa laini na kipimo cha milimita 0.35, navyo viko kwenye soksi chini ya siti. Siku tukipata sahani ya koili ya Kichina, ile inayokaa ndani ya sumaku, inayokaa vizuri kwenye kiti cha hii ya zamani pengine nitabadili mawazo. Sijaahidi.

Breki ya mbele ni ya ngoma. Hapo mtu atakuambia uchukue shokapu za mbele na diski kutoka kwenye pikipiki ya Kichina. Nimeiona moja pale stendi imefanyiwa hivyo: bomba za shokapu zilikuwa nyembamba kuliko matundu yanayozishika, fundi akazungushia bati la kopo. Mbele ya pikipiki imeshikwa na kopo! Pikipiki ya kilo mia hivi, yenye injini ndogo kama hii, ngoma yake inatosha ikitunzwa, ila haitunzwi. Nilifanya mambo matatu. Nilipaka chaki ndani ya ngoma, nikafunga breki shuu mpya, nikazungusha, nikafungua na kuona chaki imeshika wapi. Ilishika ncha tu. Nikasugua ncha zile kwa msasa, nikarudia mpaka shuu nzima ikawa nyeupe. Nikabadilisha waya wa breki. Kisha nikahamisha kile kimkono cha chini kwenye meno yake jino moja, ili breki inapokamata, waya na kimkono viwe vimekaa kama herufi L. Wengi hukaza nati tu mwaka hadi mwaka, kimkono kinapitiliza L, na ukibana kwa nguvu zote, nguvu inapotea. Haya yote hayakunigharimu hata bei ya diski tupu. Na bado kushuka Mombo nashuka kwa gia ya tatu, injini ikinishikia. Breki naiweka akiba kwa ajili ya punda atakayekatiza barabara.

Kabureta ya PZ26 ilikuja imetegwa kwa watu wa pwani. Huku Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi na zaidi, hewa ni nyepesi, petroli inazidi, plagi inakuwa nyeusi kwa masizi kama chungu cha makande. Ndani ya kabureta kuna sindano yenye mikato midogo kichwani na kiklipu kimoja. Kipandishe kiklipu mkato mmoja, sindano inashuka, petroli inapungua. Nimefanya hivyo, plagi sasa ni kahawia. Nikiteremka tambarare kukaa siku kadhaa nakirudisha.

Na sasa kitu ambacho si cha kubadilisha bali cha kusafisha, lakini katika pikipiki kumi za ukoo huu ninazofunguliwa niangalie, sioni hata moja kilipofanywa. Injini hii haina kichujio cha oili cha karatasi. Ina wavu chini, na upande wa kulia, nyuma ya kava la klachi, mwisho wa krenki, kuna kikombe cha duara kilichofunikwa kwa kifuniko chenye skrubu tatu. Kikombe kinazunguka na krenki, oili inapita humo, na uchafu mzito unatupwa ukutani na kuganda. Ni mashine ya kutenganisha maziwa na mafuta yake, ila hii inatenganisha oili na chuma. Nilipokifungua cha kwangu baada ya kiangazi kile cha koni, mlikuwa na tope jeusi lenye kung'aa, gumu kama lami iliyopoa, limebakiza kitundu katikati kinachoingia njiti ya kiberiti. Nililichimba kwa kijiti cha mwanzi, si bisibisi, likatoka vipande vipande. Mpwa wangu akakishika kimoja, akakisaga kati ya vidole, akaona vichembe vinamemeta.

"Hii ni nini, mjomba?"

"Hiyo ni silinda yangu."

Tangu siku hiyo yeye ndiye anayekuja na oili kila kilometa 1,500, sijamwita. Na ameanza kufanyia kazi za watu: kuna Yamaha DT125 ya mwalimu mmoja wa Mlalo iko kwangu barazani sasa hivi, injini ya mipigo miwili, inayounguza oili pamoja na petroli, pampu yake ya oili ilitolewa na mtu "ili isisumbue", mwenyewe amechoka kuchanganya oili kwa kizibo cha chupa. Tunairudishia. Nayo ilishakatwa madigadi.

Ndiyo maana nimeandika. Katika pikipiki yangu kila kitu kimerudi isipokuwa kimoja, na sasa msomaji ameshaona ni kipi. Pistoni nimepata Korogwe, madigadi yaliyofanana nimepata Mombo, boksi la hewa tumechonga la bati na mpira wa tairi. Kava la cheni la CG125 haliko dukani popote, kwa sababu wajukuu wa Kichina karibu wote wanakuja na kibati cha juu tu, na muuzaji ukimtajia kava zima anadhani unazungumzia baiskeli. Tulimfuata yule wa chuma chakavu. Alisema mzigo ulishakwenda Tanga na kutoka Tanga ukaenda kuyeyushwa. Huenda sasa ni nondo kwenye ghorofa la mtu.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, kama utaipunguza barua hii, hapa usipaguse. Kama kuna msomaji, awe Same, Korogwe, Muheza au popote ambako basi linafika, mwenye kava la cheni la Honda CG125 limetupwa bandani, au kijana aliyefuata ushauri wa wiki iliyopita na bado hajamwita wa kilo, anijulishe kupitia ofisi yako. Cha juu au cha chini, hata vyote viwili viwe na kutu au mbonyeo, mpwa wangu atanyoosha. Mimi nina kabureta ya PZ26 mpya bado ndani ya boksi, nilinunua mbili kwa kukosea. Nitaitoa pamoja na nauli. Na kile kizibo cha mpira, kama kipo, tafadhali kisiachwe.

Mama watoto wangu anauliza nimeandika na habari ya kitenge au sijaandika. Nimeandika.

Bwana shamba mstaafu,
Soni, Lushoto.